Obadiah Stainthorpe na Upande wa Upepo

Watu wa pwani yetu ya Yorkshire hawapendi kusikia habari za mkojo, lakini habari za Obadiah Stainthorpe haziwezi kuanzia pengine. Juu ya majabali ya kijijini kwetu watu walipika shabu, ile wanayotumia watia rangi wa vitambaa, na shabu haipikiki bila mkojo. Mkojo wetu haukutosha. Meli zilizopeleka makaa ya mawe London zilirudi na mapipa ya mkojo wa London, na baba yake Obadiah ndiye aliyeyapokea ufukweni na kuyapandisha juu. Nyumba nzima ilinuka. Kanisani walikaa benchi la mwisho karibu na mlango, wala hakuna aliyewahi kuwaambia wakae hapo. Walijua wenyewe.

Mimi ni Ezra Tindale, wa kijiji hicho hicho, mshona matanga. Maisha yangu yote nimekaa chini kwenye sitaha za meli za mfalme, sindano mkononi, na aliyekaa chini huona mengi kwa kuwa hakuna anayemtazama. Nimeshasikia watu wakisimulia jinsi meli yetu, Constance, ilivyoponea chupuchupu kwenye matumbawe ya New Guinea. Kila mara nainuka mezani, maana wanaanza na Luteni Thorncombe na wanamalizia na Luteni Thorncombe. Sina ugomvi na Thorncombe. Lakini kuna mtu wamemruka, na jambo hilo linanichoma mpaka leo.

Obadiah aliingia kwenye meli za makaa akiwa mdogo, kisha akahamia Jeshi la Majini kama baharia wa kawaida. Alipanda polepole, kila ngazi kwa jasho lake, mpaka akawa msaidizi wa mwelekezi wa meli. Akaenda London kufanyiwa mtihani wa uluteni mbele ya makapteni watatu, akafaulu. Mtu asiyetujua atasema basi, alikuwa luteni. Thubutu! Kufaulu ni kitu kimoja na kupewa cheo ni kitu kingine. Kupewa cheo kunataka uwe na mtu wako huko juu: mjomba bungeni, au mama aliyecheza dansi na mke wa mkuu fulani. Obadiah alikuwa na baba wa mapipa. Alikaa miaka na mtihani wake mfukoni, huku vijana aliowafundisha kufunga fundo wakimpita na kumwita "jamaa yangu mwema".

Mmoja wa vijana hao ndiye Lucius Thorncombe, mtoto wa tatu wa bwana mkubwa mwenye mashamba yasiyo na mwisho. Jina lake liliandikwa kwenye orodha ya mabaharia wa meli moja angali ananyonya, ili miaka yake ya utumishi ianze kuhesabika, na hakuna aliyeona haya. Alipopanda Constance hata ndevu hazijakamilika, tayari luteni. Nilijiandaa kumchukia. Kwa bahati mbaya alikuwa baharia mzuri: mwepesi, hana woga, anacheka na kila mtu, na tanga lililokaa vibaya analiona kabla yangu. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mpumbavu.

Kapteni wetu, Bwana Hathersage, alikuwa mtu wa taratibu. Alikuwa na kazi ya kuchora pwani zisizojulikana za Bahari ya Kusini, na aliifanya vizuri, lakini alitaka sitaha yake ya nyuma iwe kama sebule ya baba yake. Kuna desturi kwenye meli za mfalme ambayo kila mvulana huijua kabla hajajua kupanda mlingoti: sitaha ya nyuma ina upande unakotoka upepo na upande unakokwenda. Upande wa upepo ni wa kapteni. Akitokea, kila mtu anahamia upande wa pili, hata kama alikuwa katikati ya sentensi. Na huko humsemeshi mpaka akusemeshe. Makapteni wengine hulegeza kidogo. Hathersage hakulegeza hata uzi.

Mwaka wa pili wa safari, homa ilimwua Luteni Pym. Nguo za maiti baharini huuzwa chini ya mlingoti mkubwa, mbele ya watu wote. Asubuhi ya mnada wa nguo za Pym kapteni alimwita Obadiah chumbani mwake, na alipotoka, nilimwona anatembea kama mtu aliyekanyaga sakafu iliyoloa.

"Ezra," akaniambia, "amenifanya kaimu luteni. Tukifika nyumbani ataniombea kwa wakuu, nithibitishwe."

"Amesema hivyo kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Ila amesema, 'Mradi nisione sababu ya kujuta.'"

Hapo ndipo penyewe. Cheo cha kaimu ni cha kuazima. Neno moja baya la Hathersage na mambo yameisha, na mtu wa aina ya Obadiah hapati nafasi mbili. Obadiah alinunua koti la Pym, la buluu lenye mapindo meupe, na mimi nikalipunguza kiunoni na kuliongeza mabegani, maana Pym hakuwahi kubeba kitu kizito. Nilishona kwa uzi wangu mzuri. Alipolivaa nilitoka nje kwa kisingizio cha kwenda kutafuta nta. Nilikuwa nalia, na sioni sababu ya kuficha.

Chini kwenye sitaha ya mabaharia walimpokea kwa namna yao. Wat Cudworth, baharia wa mlingoti wa mbele, mtu mwenye mdomo mchafu kuliko tope la mto Thames, alisimama mezani akaziba pua.

"Jamani, mmesikia harufu? Bwana mkubwa Mkojo anapita! Vueni kofia!"

"Kaa chini, Wat," nikamwambia.

"Nikae vipi, Fundi? Kesho atatuamuru tukojoe kwa foleni, kila mtu na pipa lake!"

Wakacheka mpaka wakagonga meza. Obadiah aliyasikia, maana mbao za meli hazifichi kitu. Alianza kunawa mara nyingi mno, na kuongea taratibu kwa kubana midomo, kama anayeogopa neno la kwao litamponyoka. Mimi nilimchukia Cudworth kabisa. Nalisema wazi sasa ili mjue nilikuwa na moyo gani juu yake.

Siku chache baadaye kapteni alikuwa amesimama kwenye upande wake wa upepo, mikono nyuma. Juu yake kapi zito la mbao, lile la kupitishia kamba za matanga, lilichomoka mahali pake na kuanza kupembea kwenye kamba. Obadiah alikuwa ng'ambo ya sitaha. Aliruka, akavuka, akamshika kapteni mkono akamvuta huku akipiga kelele: "Ondoka hapo, mzee!" Kapi likapita pale pale palipokuwa na kichwa cha Hathersage, likagonga ukuta wa sitaha, likarudi.

Kapteni alitazama kapi. Kisha akautazama mkono ulioshika koti lake mpaka Obadiah akauondoa.

"Bwana Stainthorpe," akasema, bila kupandisha sauti, na ndiyo maana sote tulisikia. "Hatuko kwenye meli ya makaa. Kwenye sitaha hii hunigusi, hunipigii kelele, na hunisemeshi mpaka nikusemeshe. Kama hilo ni gumu kwako, niambie sasa."

"Si gumu, bwana."

"Vizuri. Hiyo ni mara ya kwanza. Sitapenda kuwe na ya pili."

Akarudi kutembea. Damu ilikuwa imempanda Obadiah mpaka masikioni. Thorncombe alimsogelea pembeni akamnong'oneza, "Ningekuwa wewe ningeacha limpige," akacheka peke yake. Yeye angeweza kucheka. Angemshika kapteni sikio na kumzungusha, bado baba yake angekuwa baba yake.

Sasa nifike kwenye asubuhi yenyewe. Maji ya kunywa yalikuwa yamepungua, na kapteni aliamua tupite kati ya visiwa viwili vya New Guinea bila kungoja. Jua lilikuwa mbele yetu, chini, linatuchoma machoni. Kila aliyewahi kupita kwenye matumbawe anajua kwamba jua likiwa usoni maji yote ni kioo, huoni kilichomo. Cudworth alikuwa juu ya mlingoti wa mbele akichungulia, kiganja kwenye paji la uso. Mtu wa kutia bildi, ile kamba yenye risasi nzito ya kupimia kina, alikuwa ubavuni, na kila alipoitupa hakupata chini. Bahari ilikuwa na kina kikubwa. Matumbawe ya huko ndivyo yalivyo: huna chini, huna chini, kisha una ukuta.

Zamu ilikuwa ya Obadiah. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na usukani, tanga limenifunika magoti. Alikuwa amesimama upande wa upepo, kama ilivyo haki ya mwenye zamu kapteni asipokuwepo, na nikamwona shingo inakakamaa. Nilijua mkao ule tangu utotoni. Nikafuata macho yake: mbele, upande wa upepo, palikuwa na doa jepesi juu ya maji. Rangi yake ilikuwa imepauka kidogo tu. Ingeweza kuwa kivuli cha wingu. Ingeweza kuwa kifo chetu.

Akainua mkono kutaka kumpungia mshika usukani, na hapo hapo kapteni akatokea.

"Nitaiongoza mwenyewe, Bwana Stainthorpe," akasema. "Asante."

Obadiah akavua kofia, akahamia upande wa pili. Miguu yake ilikwenda, macho yalibaki kule. Akafungua mdomo. "Bwana..."

Kapteni akainua kidole kimoja bila kumtazama. Ilikuwa tabia yake akiwa anapiga hesabu kichwani, na sote tuliijua: kidole kikiwa juu, kila mtu kimya. Obadiah akafunga mdomo. Nami nikaacha kushona.

Nimeulizwa, kwa nini wewe Ezra hukupiga kelele? Mshona matanga apige kelele kwenye sitaha ya nyuma, kapteni kasimama hapo, juu ya kitu ambacho huenda ni kivuli? Aliyeuliza hakuwahi kukaa chini ya watu. Na Obadiah naye alikuwa anapima jambo lile lile. Nilimwona akipima. Akisema na iwe kivuli, amemkatiza kapteni kwa mara ya pili, na koti limekwenda. Akinyamaza na iwe mwamba... Alikitazama kidole, akatazama maji, akakitazama kidole tena. Alikuwa anangoja kishuke. Miezi kadhaa nyuma, akiwa na shati lake la zamani, angeshapiga ukelele uliosikika mpaka Whitby, kule kwetu.

Kidole hakikushuka. Doa lilikuwa limekuwa jeupe, na sasa nililiona hata mimi na macho yangu yaliyochoshwa na sindano, maji yanachemka kidogo pembeni.

Thorncombe alipanda ngazi akiwa na kikombe cha chokoleti, koti halijafungwa vifungo, zamu si yake. Alimwona Obadiah anavyotazama, akatazama anakotazama. Kikombe kilianguka. Alivuka sitaha, akampita kapteni kwa bega, akamsukuma kabisa, na kupaza sauti: "Usukani! Igeuze meli iukimbie upepo! Wote! Igeuzeni, enyi mbwa, au tunakufa!"

Mshika usukani hakungoja ruhusa ya mtu. Meli ikageuka, inalalama, matanga yakipiga kishindo. Tulihisi mkuku, ule uti wa chini wa meli, unakwaruza, mkwaruzo mrefu uliopanda kwenye meno yetu, halafu kipande cha mbao kikaibuka nyuma yetu, kisha kingine. Nilimwomba Mungu kwa sauti. Kisha ukwaruzaji ukakoma, tukawa juu ya maji ya buluu tena.

Hathersage alifunga kifungo cha koti lake kilichofunguka aliposukumwa. "Nakushukuru, Bwana Thorncombe," akasema. "Nitahakikisha wakuu wanajua." Akageuka, akamtazama Obadiah kidogo tu, kisha akainua macho kwenye mlingoti wa mbele. "Mteremsheni mtu yule. Mtieni pingu."

Ripoti ilikuwa lazima iandikwe, maana meli ya mfalme ilikuwa imeumia, na ripoti inataka mkosaji. Kapteni hawezi kujitaja. Basi akawa Cudworth, aliyekuwa na jua jichoni, kwa kosa la kulala kazini.

Jioni ile Thorncombe alimfuata Obadiah karibu na mashua, mimi nikiwa upande wa pili wa mashua hiyo na tanga langu. Sikujificha. Hawakutazama tu.

"Stainthorpe. Uliliona kabla yangu."

Obadiah akageukia mashua.

"Mimi niliona macho yako, si maji. Usiwe na wasiwasi, sitamwambia mtu. Mzee ameniuliza kama lingeonekana kutoka sitahani, nikamwambia haiwezekani, kwa mng'aro ule. Kwa hiyo uko salama. Utapata cheo chako, mimi nimepata sifa zangu, kila mtu kashiba."

"Na Cudworth?"

"Cudworth ni mkorofi, kila siku ana kesi. Huyo si ndiye aliyekuita... lile jina?"

"Ndiye."

"Basi ndugu yangu, mshukuru Mungu!" Akampiga bega. Namna alivyosema, nakwambia, alikuwa anamtakia mema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajawahi kulazimika kuchagua kitu.

Alipoondoka, Obadiah alizunguka mashua, akanikuta.

"Umesikia."

"Nimesikia. Na utanyamaza," nikamwambia. Nilimshika mkono. "Nisikilize, Obadiah. Unajua wangapi wamepanda kutoka kwetu? Nitajie mmoja. Huyu mtu alikuzibia pua mbele ya watu. Acha mjeledi ufanye kazi yake. Utaniahidi?"

"Hakulala, Ezra. Nilikuwa namwona. Alikuwa anahangaika kuziba jua kwa viganja vyote viwili."

"Sikukuuliza kama alilala!"

Hakuniahidi. Akaondoka, na mimi sikupata usingizi, nikimlaani Cudworth, na jua, na kidole kile.

Asubuhi tuliitwa wote sitahani. Fremu ya mbao ya kumfungia mtu wa kuchapwa ilikuwa imesimamishwa ukutani. Askari wamejipanga na bunduki, maafisa wamevaa rasmi, Obadiah wa mwisho kwenye mstari ndani ya koti langu, nasema langu kwa sababu ya mishono. Cudworth aliletwa bila shati. Mgongo wake ulikuwa na makovu ya zamani, yamepishana. Serahangi, msimamizi wa mabaharia, alisimama na mfuko mwekundu ambamo mjeledi wenye mikia tisa hungoja.

Kapteni akavua kofia, tukavua sote, akasoma sheria ya kulala kwenye zamu. Akafunga kitabu.

"Una la kusema, Cudworth?"

"Sikulala, bwana. Jua lilikuwa jichoni."

"Wote husema hivyo." Kisha akageukia maafisa, maana desturi ni hiyo, kabla ya kiboko cha kwanza kapteni huuliza. Huwa ni maneno ya mdomoni tu, hakuna anayeyajibu ila mara moja kwa mwaka. "Kuna afisa mwenye la kumsemea mtu huyu?"

Nilimkazia macho Obadiah. Nyamaza, nilikuwa namwambia moyoni. Nyamaza, nakuomba, kwa ajili ya mama yako aliyekaa benchi lile. Alikuwa anatazama mbele, taya limekaza. Upepo ulikuwa unapiga kamba, na ndiyo sauti pekee iliyokuwepo. Kapteni akasubiri kiasi cha heshima. Akavuta pumzi ili atoe amri.

"Mimi, bwana."

Kapteni akageuka polepole. "Bwana Stainthorpe?"

"Mtu huyu hakulala. Na mwamba ulionekana kutoka sitahani. Niliuona mimi, kabla ya Luteni Thorncombe. Niliuona nikanyamaza."

Watu wakaguna, serahangi akafoka watulie. Hathersage alikuwa amekasirika, na hasira ilimfanya aulize swali ambalo mtu mwerevu kama yeye hakupaswa kuliuliza mbele ya watu.

"Uliona meli ya mfalme inakwenda kwenye mwamba, ukanyamaza? Kwa nini?"

Obadiah alimtazama usoni. "Ulikuwa hujanisemesha, bwana."

Sijui kama mmewahi kuona watu mia wanajizuia wasivute pumzi. Kapteni alibadilika rangi. Alikumbuka kidole, nilimwona anakumbuka, mkono wake wa kulia ulijifunga wenyewe kuwa ngumi. Kama angekuwa mtu mkubwa zaidi kidogo tu, mambo yangekuwa mengine. Nilimgeukia Thorncombe. Yeye ndiye aliyekuwa na nafasi ya kusema. Alikuwa mtu asiyeogopa kumsukuma kapteni kwa bega, angeweza kusema neno moja: ni kweli, na mimi nilifuata macho yake, yeye ndiye aliyetuokoa. Thorncombe alikuwa anaitazama ncha ya kiatu chake. Sifa zake zilikuwa zimeshaandikwa.

"Mfungueni Cudworth," kapteni akasema. "Bwana Stainthorpe, afisa anayeona hatari akanyamaza si afisa. Vua koti hilo. Kuanzia sasa wewe ni baharia wa kawaida, na utakula na mabaharia."

Alilivua pale pale, akalikunja vizuri, mapindo meupe ndani, akampa serahangi.

Yaliyofuata mnayajua, au mnajua nusu yake. Thorncombe alipewa meli yake mwenyewe hata kabla hajafika miaka ishirini na mitano, akaenda kuchora pwani, na ziko rasi mbili zenye jina lake. Anastahili, alizichora vizuri. Obadiah alipanda tena kidogo, akawa serahangi kwenye meli nyingine, na serahangi ndivyo alivyokufa. Alipozikwa tulikuwa wachache, mvua inanyesha.

Lakini mlo wa mchana ule ndio siusahau. Obadiah alishuka chini akiwa na shati, akakaa mwisho wa meza yetu. Tulikuwa na njegere na biskuti. Mimi nilikuwa na hasira naye kiasi cha kutomtazama. Kisha Cudworth akaja. Watu walimpisha, wote tulijua anakuja kushukuru, na wengine walikuwa wameanza kutabasamu. Alisimama mbele ya Obadiah.

"Nani alikuomba?" akasema.

Obadiah akainua uso.

"Nakuuliza, nani alikuomba? Mgongo wangu huu umepigwa mara ngapi? Unapona! Wiki mbili, wiki tatu, navaa shati, nasahau!" Sauti ilimkatika, na nikaona machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, yule mtu mwenye mdomo mchafu. "Nilikuwa nakutukana kila siku, ndiyo, lakini kila siku nilikuwa napanda mlingoti nikitazama chini nione lile koti. Nilishawaandikia nyumbani. Wewe ulikuwa wetu! Sasa tutampata wapi mwingine, mpumbavu wewe? Lini?"

Obadiah akasogea kwenye benchi kumpisha, Cudworth akaketi, nikamsukumia sahani.